Yule George Mwingine: George Henry Lewes na jina lililomfunika

Ukiifungua riwaya ya Middlemarch, katika baadhi ya matoleo yake, kabla hujafika sura ya kwanza unakutana na tabaruku fupi. Mwandishi anamtunukia kitabu mume wake mpendwa, George Henry Lewes, katika mwaka wa kumi na tisa wa muungano wao wenye baraka. Wasomaji wengi hupita hapo haraka, wanataka hadithi. Nami nilipita hivyo hivyo mara mbili, hadi siku niliposimama nikahesabu ni mambo mangapi ndani ya mstari ule hayakuwa kweli mbele ya sheria.

Kwa sheria ya Uingereza, Lewes hakuwa mume wa mwandishi huyo. Alikuwa mume halali wa mwanamke mwingine aliyekuwa hai, ambaye alimpelekea pesa za matumizi mwaka baada ya mwaka. Wala jina lililo juu ya jalada, George Eliot, si la mwandishi. Mwandishi ni Mary Ann Evans, binti wa msimamizi wa mashamba kutoka Warwickshire. Neno "Eliot" alilichagua kwa sababu linajaa mdomoni na ni rahisi kutamkika. "George" ni jina la Lewes.

Kwa hiyo Lewes yumo ndani ya kitabu mara mbili, mara moja kwenye tabaruku na mara moja kwenye jalada, na bado mtu anaweza kumaliza masomo ya fasihi bila kujua aliwahi kuandika chochote. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni kwamba alikuwa bwana wa mwanamke mwenye kipaji kikubwa kuliko chake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeyafunga pamoja mambo manne au matano ambayo yanahitaji kufunguliwa moja moja.

Kabla ya Mary Ann

Lewes alizaliwa London mwaka 1817. Babu yake, Charles Lee Lewes, alikuwa mwigizaji wa vichekesho. Wazazi wake hawakuwa wameoana, na baba aliondoka mapema. Alisomeshwa huku na huku, London, Jersey, Ufaransa, na hatimaye Greenwich, lakini hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alijaribu kazi katika ofisi ya wakili, akajaribu biashara, akajaribu udaktari na kushindwa kuvumilia chumba cha upasuaji, enzi ambazo mgonjwa alipasuliwa akiwa macho. Mwaka 1838 alikwenda Ujerumani, akarudi na lugha ya Goethe kichwani.

Alikuwa mtu wa kalamu kwa maana ya mtu anayekula kutokana na kalamu. Mwaka 1845 na 1846 alitoa historia ya falsafa katika vijitabu vinne vya bei ya shilingi moja moja, vilivyokusudiwa msomaji wa kawaida asiye na mwalimu. Ndani yake alisimulia maisha ya wanafalsafa kuanzia Wayunani hadi Auguste Comte, huku akijenga hoja moja ya kishujaa, kwamba maswali makubwa waliyokuwa wakiyauliza kizazi baada ya kizazi hayajibiki kwa kukaa na kuwaza, na kwamba njia iliyobaki ni ya sayansi. Waliosoma Oxford hawakufurahi. Waliokisoma baada ya kazi, kwa mwanga wa mshumaa, walikipenda.

Akaandika riwaya mbili ambazo hazikudumu. Akaandika kuhusu tamthilia za Kihispania, na wasifu wa Robespierre. Aliigiza pamoja na kikundi cha Charles Dickens, na mwaka 1849 akapanda jukwaani Manchester kama Shylock, yule mkopeshaji wa Shakespeare. Alimsifu Charlotte Brontë kwa Jane Eyre, akamshauri amsome Jane Austen, kisha mwaka 1850 akakihakiki kitabu chake kingine, Shirley, kwa namna iliyomuumiza mwanamke yule. Na Dickens alipomuua mhusika mmoja wa Bleak House kwa kumfanya aungue mwenyewe bila moto wowote kumgusa, Lewes ndiye aliyesimama gazetini kusema wazi kwamba mwili wa binadamu hauwezi kuungua hivyo. Walibishana hadharani. Dickens alikuwa na wasomaji wote, Lewes alikuwa na kemia.

Sahihi kwenye daftari la vizazi

Hapa ndipo fundo gumu lilipo, na ndipo watu wengi husimulia nusu tu.

Mwaka 1841 Lewes alimwoa Agnes Jervis, binti wa mbunge. Walipata watoto, na wana watatu walikua: Charles, Thornton na Herbert. Waliishi katika duara la watu waliokuwa wakijaribu kufikiri upya kuhusu karibu kila kitu, ndoa ikiwemo. Mwaka 1850 Lewes alianzisha gazeti la Leader pamoja na rafiki yake Thornton Hunt. Wiki chache baada ya toleo la kwanza, Agnes alijifungua mtoto wa kiume, na baba wa mtoto huyo alikuwa Hunt.

Lewes alimwandikisha mtoto kwa jina lake mwenyewe. Pengine hakuona njia nyingine ya kumwepusha kichanga na doa la kuitwa mwanaharamu, doa ambalo yeye Lewes alizaliwa nalo. Aliendelea kufanya kazi na Hunt meza moja. Mwaka uliofuata Agnes alizaa tena na Hunt, na kuanzia hapo Lewes akaacha kumhesabu kuwa mkewe. Agnes na Hunt walikuja kuwa na watoto wanne.

Sasa mtu atauliza, kwa nini hakumpa talaka? Kwa msomaji wa Kiswahili anayejua talaka ya kadhi, au hata ya mahakama ya wilaya, ni vigumu kuelewa jinsi mlango huo ulivyokuwa umefungwa. Kabla ya 1857, kuvunja ndoa kabisa Uingereza kulihitaji kupita mahakama ya kanisa, kumshtaki mzinzi ili alipe fidia, na mwisho kupata sheria maalumu ya Bunge kwa ajili ya ndoa ile moja. Ni matajiri tu waliomudu. Mwaka 1857 ilipitishwa sheria mpya iliyoleta mahakama ya talaka, na hapo ungedhani Lewes amepona. Lakini kanuni ya zamani iliendelea kuwepo, kwamba mume aliyejua uzinzi wa mkewe akausamehe, amepoteza haki ya kulalamika. Na ushahidi kwamba alijua na kusamehe ulikuwa umelala kwenye daftari la vizazi, kwa jina lake mwenyewe.

Kitendo cha huruma kwa mtoto asiye wake kilimfungia njia ya kumwoa mwanamke aliyempenda baadaye. Sijui fundo lingine katika maisha ya waandishi wa karne ile linaloniuma kama hili.

Mary Ann Evans alikutana naye mwaka 1851, katika duka la vitabu pale Burlington Arcade. Yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha jarida la Westminster Review, kazi ya mhariri bila jina la mhariri. Mwanzoni hakuvutiwa naye. Lewes alikuwa mfupi, uso una makovu ya ndui, mwenye maneno mengi na mzaha usiokwisha. Mke wa mwandishi Thomas Carlyle alizoea kumwita nyani. Ilichukua muda Mary Ann kuona kilichokuwa chini ya ule mzaha. Tarehe 20 Julai 1854 walipanda meli pamoja kuelekea bara la Ulaya, wakaenda Weimar, ambako Lewes alikuwa akikusanya habari za wasifu wa Goethe.

Waliporudi, adhabu haikugawanywa sawa. Lewes aliendelea kualikwa kula chakula cha usiku kwenye nyumba za watu. Mary Ann hakualikwa. Wanaume walikuja kumtembelea wakiwaacha wake zao nyumbani. Mwaka 1857, kaka yake Isaac alipojua jinsi anavyoishi, alikata mawasiliano, na madada wakafuata. Isaac hakumwandikia tena hadi 1880, Mary Ann alipofunga ndoa halali na mtu mwingine, Lewes akiwa kaburini.

Tusi la Huxley

Kitabu cha Goethe kilitoka 1855, kikafanikiwa, kikatafsiriwa haraka kwa Kijerumani, na Wajerumani wenyewe wakakisoma kujua habari za mshairi wao. Mtu mwingine angetulia hapo na kuendelea kuandika wasifu. Lewes hakutulia kwa sababu kulikuwa na jeraha lililomkereketa.

Mwaka 1853 alikuwa ametoa kitabu kuhusu falsafa ya sayansi ya Comte. Thomas Huxley, mwanasayansi kijana aliyetoka kusafiri baharini na mwenye ulimi mkali, alikihakiki katika Westminster Review la Januari 1854. Alionyesha makosa, kisha akasema jambo baya zaidi ya makosa yenyewe, kwamba hivi ndivyo inavyokuwa mtu akiijua sayansi kwa kusoma vitabu tu bila kuigusa kwa mikono. Mary Ann aliyaona maandishi hayo kabla hayajachapwa na akamshauri mwenye jarida asiyatoe. Hakusikilizwa.

Lewes alijibu gazetini, kama watu wanavyojibu. Lakini jibu lake la kweli lilikuwa la miaka ishirini. Alinunua hadubini. Kuanzia 1856 yeye na Mary Ann walikwenda Ilfracombe, Tenby, visiwa vya Scilly na Jersey, wakapanga vyumba karibu na ufukwe. Maji yakipwa, Lewes alikunja suruali akaingia mwambani na ndoo na patasi, akibandua wale viumbe wa baharini wanaofanana na maua, akirudi nao nyumbani kuwapasua na kuwachunguza, vyombo vya mwenye nyumba vikijaa minyoo na konokono. Mwaka 1858 alitoa kitabu cha uchunguzi huo wa pwani. Kiangazi kile cha kwanza, kule Tenby, ndiko alikomsukuma Mary Ann ajaribu kuandika hadithi. Septemba hiyo Mary Ann akaanza.

Kikafuata kitabu cha fiziolojia ya maisha ya kila siku, juzuu mbili, 1859 na 1860: njaa, kiu, mmeng'enyo, damu, pumzi, usingizi. Kilieleza mwili kwa lugha ambayo mtu mwenye kiu ya kujua angeielewa, na kilisafiri mbali. Katika tafsiri ya Kirusi kilimfikia kijana mmoja mwana wa kasisi, mwanafunzi wa seminari mjini Ryazan, na kikachangia kumtoa kwenye njia ya upadri. Kijana huyo ni Ivan Pavlov, yule mwanasayansi wa majaribio ya mbwa na udenda. Kitabu hicho hicho kinatajwa na Dostoevsky katika Uhalifu na Adhabu: Sonya, binti maskini aliyelazimika kuuza mwili, alikuwa amekiazima na kukisoma kwa hamu. Dostoevsky hakuhitaji kueleza ni kitabu gani. Msomaji wa Petersburg alimjua Lewes.

Na kulikuwa na vyura. Ukimkata chura kichwa, kisha ukamdondoshea tone la asidi ubavuni, mguu wake huinuka kulifuta. Ukiuzuia mguu huo, atajaribu kwa mguu mwingine. Wengi walisema huo ni mwitiko wa mashine, kama mlango unaojifunga kwa springi. Lewes alipinga. Alisema neva zilizomo ndani ya uti wa mgongo zina namna yake ya kuhisi, na kwamba hisia haikai ubongoni peke yake kama mfalme kwenye kiti; imesambaa katika mfumo mzima wa neva. Hoja hiyo iliwasilishwa mwaka 1859 kwenye mkutano wa wanasayansi huko Aberdeen. Mwaka 1874 Huxley alikuja na mfano wake mashuhuri, kwamba fahamu ni kama firimbi ya garimoshi: inalia kweli, lakini haisukumi gurudumu. Lewes alimjibu miaka mitatu baadaye kwa kitabu kizima. Ukilisoma bishano hilo leo, kuhusu chura Lewes alizidisha. Kuhusu firimbi, naona yeye ndiye aliyekuwa karibu na kweli, kwa kuwa hakukubali kwamba kitu kinachomfanya mtu awe mtu kiwe sauti ya bure. Chama cha Fiziolojia kilipoanzishwa London mwaka 1876, mtu asiye na digrii aliyeambiwa anajua vitabu tu alikuwa miongoni mwa waanzilishi.

Jumla na ibuko

Wazo lake kubwa kuliko yote limo katika kazi yake ya mwisho, juzuu tano kuhusu matatizo ya uhai na akili, zilizoanza kutoka 1874. Katika juzuu ya pili, ya 1875, alitofautisha aina mbili za matokeo, na aina moja akaipa jina ambalo sayansi inalitumia hadi leo. Tulieleze polepole, maana ndilo dai lake la haki la kukumbukwa.

Wavuvi kumi wakivuta jarife kuja ufukweni, nguvu inayouleta wavu ni nguvu ya mmoja na mwingine na mwingine. Ukijua kila mmoja anavuta kiasi gani na kwa upande gani, unaweza kupiga hesabu ukapata jibu. Hakuna kilichopo kwenye jumla ambacho hakikuwepo kwenye sehemu. Tuite hiyo jumla.

Sasa chukua maji. Hidrojeni ni gesi inayowaka. Oksijeni ni gesi inayochochea moto. Ziunganishe kwa namna yake, unapata kitu kinachozima moto. Umiminika wa maji hauko ndani ya hidrojeni, hauko ndani ya oksijeni, na huwezi kuupata kwa kujumlisha au kutoa tabia za gesi hizo mbili. Umeibuka. Tuuite ibuko, kwa Kiingereza chake "emergent". Mfano wa maji ulikuwepo kabla yake. John Stuart Mill alikwishauzungumzia mwaka 1843. Lewes ndiye aliyetoa neno, na aliyeweka mpaka kwa uangalifu. Hakusema kuna roho iliyoingia kwenye maji. Alisema pengine siku moja hesabu itaweza kuonyesha njia iliyopitwa kutoka gesi hadi maji. Hadi siku hiyo tukubali kwamba tunaona kitu kipya, tusijidanganye kuwa tumekieleza kwa kutaja sehemu zake.

Kutoka hapo akaigeukia akili. Akili haiwezekani bila neva na ubongo, lakini ukimpasua mtu hutaikuta imelala mahali. Wala, na hapa ndipo alipowaacha wanafiziolojia wenzake wengi, hutaielewa kwa kumchunguza mtu mmoja pekee. Mtoto anazaliwa na neva, hazaliwi na lugha. Lugha anaikuta imemtangulia, pamoja na desturi, sheria, aibu, na majina ya vitu. Kwa Lewes akili ya binadamu inafumwa na nyuzi mbili, ya mwili na ya jamii, na saikolojia inayoshika uzi mmoja tu imekosea kabla ya kuanza.

Neno lake lilikaa kimya kwa muda. Karne iliyofuata wanafalsafa Samuel Alexander na Lloyd Morgan wakalichukua na kujenga juu yake vitabu vizima, 1920 na 1923. Leo analitumia anayechunguza jinsi siafu wasio na kamanda wanavyopanga msafara, na anayechunguza jinsi mabilioni ya seli za ubongo zinavyotoa wazo moja. Wachache kati yao wanajua lilitoka wapi.

Msomaji wa Middlemarch naye ameshalionja bila kujua. Riwaya ile yote inaiona jamii ya mji mdogo kama utando ambao ukiuvuta huku unatikisika kule. Ndani yake kuna daktari kijana, Lydgate, anayetafuta tishu ya kwanza ambayo tishu zote zimetokana nayo. Mary Ann alijaza daftari la maelezo ya udaktari ili kumwandika. Je, hayo ni mawazo ya Lewes ndani ya riwaya yake, au ni mawazo ya mwandishi wa riwaya ndani ya falsafa ya Lewes? Walisoma vitabu hivyo hivyo jioni, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akisikiliza. Mary Ann alikuwa na akili kali kuliko ya Lewes, na Lewes alilijua hilo mapema kuliko ulimwengu. Mimi nimeacha kujaribu kuzitenganisha nyuzi hizo.

Kazi isiyo na sahihi

Kuna kazi nyingine aliyoifanya Lewes ambayo haina ukurasa wake maktabani.

Novemba 1856 alimwandikia mchapishaji John Blackwood wa Edinburgh akimpelekea hadithi ya rafiki yake. Hakumtaja rafiki. Blackwood aliipenda, lakini alitaka kuona zaidi kabla ya kuahidi. Lewes akarudisha neno kwamba rafiki huyo ni mtu wa haya, hujikatia tamaa kwa urahisi, na barua ya tahadhari imemvunja moyo. Blackwood akalainika. Hadithi ikaanza kutoka Januari 1857. Huo ulikuwa mwanzo, na Lewes aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mary Ann aliteswa na kutojiamini. Neno moja la mhakiki lingeweza kusimamisha kalamu yake kwa wiki. Kwa hiyo Lewes alisimama mlangoni. Magazeti yalipita kwake kwanza, na yaliyokuwa na shutuma hayakuingia ndani. Aliwaomba marafiki wasimwambie kilichosemwa juu ya vitabu vyake, hata kizuri. Yeye ndiye aliyezungumza bei. Riwaya ya Romola ilipotakiwa na jarida la Cornhill, pauni 7,000 zilizokubaliwa zilikuwa kiasi cha kushtua kwa enzi ile. Middlemarch ilipoanza kurefuka kupita juzuu tatu za kawaida, Lewes ndiye aliyebuni itolewe kwa sehemu nane, kila moja shilingi tano, ili watu wanunue badala ya kungoja zamu kwenye maktaba za kuazimisha. Jumapili mchana, nyumbani kwao The Priory karibu na Regent's Park, wageni walipokuja, akina Darwin, Spencer, Turgenev, ni yeye aliyewachangamsha sebuleni na kuwapeleka mmoja mmoja kwenye kiti cha Mary Ann.

Kuna waliosema alimlinda kupita kiasi, akamzungushia ukuta. Labda. Lakini tazama ni kazi gani hiyo. Kunyamazisha kelele, kupokea barua, kuhesabu pesa, kuinua moyo kila asubuhi: nyumba ngapi za waandishi wa karne ile zilisimama juu ya kazi hiyo, ikifanywa na mke ambaye hakuna anayemtaja? Hapa ilifanywa na mwanamume, mwenye vitabu vyake vya kuandika, na aliifanya kwa furaha. Katika shajara yake ya Januari 1859 anasema kumjua mwanamke huyu kulikuwa kuzaliwa upya, na kwamba heri yake yote na mafanikio yake yote ni deni kwake. Hakuna mahali nilipoona akilalamika kwamba jina lake linafifia.

Na kulikuwa na gharama. Afya yake haikuwa nzuri, kichwa kilimuuma mara kwa mara. Alikuwa mhariri wa kwanza wa Fortnightly Review, jarida lililotaka kila makala iwe na jina la mwandishi wake wakati desturi ilikuwa kuandika bila jina, lakini aliacha mwaka 1866 kwa sababu ya ugonjwa. Mwanawe Thornton alirudi kutoka Natal, kusini mwa Afrika, mwaka 1869 akiwa na kifua kikuu cha mgongo, akafa Oktoba hiyo, Lewes na Mary Ann wakimuuguza. Herbert naye alifia Natal mwaka 1875.

Jina lilikwenda wapi

Utukufu wa George Eliot ni sababu mojawapo ya kusahauliwa kwake. Zipo nyingine, na nadhani zina uzito zaidi.

Vitabu vya sayansi huzeeka kwa namna ambayo riwaya hazizeeki. Kitabu kilichomfundisha Pavlov kilipitwa na kazi za watu kama Pavlov. Lewes hakuwa na kiti cha uprofesa, kwa hiyo hakuwa na wanafunzi wa kusema "mwalimu wetu". Alikuwa mhakiki, mwigizaji, mwandishi wa wasifu, mwanafalsafa, mpasua vyura, na kila fani ikamwona mgeni aliyepita. Kazi yake kubwa aliiacha haijakamilika.

Kisha kuna aibu ya wengine. Mwaka 1885 John Cross, mume halali wa miezi ya mwisho ya Mary Ann, alitoa wasifu wake katika juzuu tatu, akimchora mwanamke mwenye hekima na utulivu mwingi. Lewes mwenye mzaha na kelele hakuwa na nafasi kubwa kwenye picha hiyo. Na barua ambazo Lewes alimwandikia Mary Ann hatunazo. Zilizikwa pamoja na Mary Ann mwaka 1880 katika makaburi ya Highgate, karibu na kaburi la Lewes. Tunazo sifa alizompa mbele ya watu. Sauti aliyozungumza naye wakiwa wawili imo ardhini.

Lewes alifariki tarehe 30 Novemba 1878. Kwa wiki kadhaa Mary Ann alijifungia, hakuonana na wageni. Mali nyingi iliyotokana na riwaya zake ilikuwa imeandikwa kwa jina la Lewes, na wosia ulimtaja yeye kwa jina la Evans, mwanamke asiyeolewa. Mapema 1879 akaapa hati ya kubadilisha jina, akawa Mary Ann Evans Lewes. Jina ambalo sheria ilimnyima kwa miaka ishirini na minne akalipata kwa karatasi ya wakili, mwenye jina akiwa amekufa.

Aliweka kando hadithi zake, akakaa na miswada ya Lewes, akahariri juzuu mbili za mwisho hadi zikatoka mwaka huo. Kisha akatoa pauni 5,000, pesa za riwaya, kuanzisha ufadhili wa utafiti wa fiziolojia kwa jina la George Henry Lewes, akitaka uwe wazi kwa wanaume na wanawake. Miongoni mwa walioupata ni Henry Dale, na kabla yake kijana aliyeitwa Charles Sherrington. Wote wawili walikuja kupewa Tuzo ya Nobel. Sherrington ndiye aliyetupa neno sinapsi, kwa mahali ambapo neva moja inaipokeza nyingine habari. Na kazi iliyomchukua miaka mingi ilikuwa ile ile ya chura asiye na kichwa: neva za uti wa mgongo hufanya nini ubongo ukiwa haupo.